Kaka aliyesema mawakili wa talaka ni wezi, mimi ndo nilikua nachapa zile bili

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi nimjibu yule kaka aliyeandika kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba mawakili wa talaka ni wezi wa kalamu, eti amelipa mpaka akauza gari na bado kesi ilipoisha akaambiwa anadaiwa. Kaka, kwanza pole sana, talaka yenyewe ni msiba hata bila bili. Ila kuna sentensi moja kwenye barua yako imenikaa rohoni nikashindwa kunyamaza, ulisema ulikua unampigia wakili wako kila siku asubuhi "ili asilale". Niliposoma hapo nikajua hela yako ilikoenda.

Nijitambulishe kidogo. Mimi nimekaa miaka tisa kwenye ofisi ya wakili wa kesi za ndoa, sio wakili mimi, nilikua karani, napokea simu, napanga mafaili, na kila mwisho wa mwezi nachapa bili za wateja. Alafu ndoa yangu nayo ikafa, nikaenda kutafuta wakili kama watu wengine, na bili niliyokuja kuletewa ni ile ambayo zamani ningeichapa huku namcheka mwenye bili. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza ile na siri za watu sitoi, nasema tabia tu.

Wakili anayelipwa kwa saa hauzi ushindi jamani. Anauza saa. Na saa yenyewe ofisi nyingi wanaikata vipande kumi, kila kipande dakika sita, ukipiga simu ukaongea dakika mbili inaandikwa kipande kizima, ukiongea saba ni vipande viwili. Sa piga hesabu, simu tano za dakika moja moja kwa siku, we unaona umemsumbua dakika tano tu, kwenye bili hiyo ni nusu saa. Hapo hakuna aliyeiba, imeandikwa kwenye karatasi uliyosaini siku ile ya kwanza, tatizo siku ya kwanza hakuna anayesoma, mtu anaingia macho mekundu, hajalala siku tatu, anachotaka ni mtu wa kumwambia yataisha, ukimpa mkataba wa kurasa sita anasaini kama anasaini karatasi ya mahudhurio. Nimeshuhudia wateja wanasaini huku wanalia, na sisi tunawapa kalamu. Sitetei hilo, nitalirudia huko chini.

Na sio wakili tu, karani nae anachajiwa, bei ya chini lakini anachajiwa. Mteja akija na makaratasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, taarifa za benki zimechanganyika na risiti za ada za shule na picha za harusi, kuna mtu anakaa kuyapanga, mtu huyo alikua mimi, na saa zangu zilikua zinaingia kwenye bili. Mteja alieleta kila kitu kimepangwa kwa tarehe, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya nyumba, mikopo, mishahara, alikua anatulipa kidogo kuliko mwenzake mwenye kesi ile ile kabisa. Tulikua tunawajua kwa mafaili yao kabla ya kuwajua kwa sura.

Sa kuna hii ya barua, na hapa naomba msomaji anielewe taratibu kidogo. We unamwambia wakili wako "mwandikie wakili wake umwambie aache kuja na watoto wamechelewa". Wakili wako anaandika, umelipa. Wakili wa mwenzio anasoma, mwenzio amelipa. Anajibu, mwenzio amelipa tena. Wakili wako anasoma jibu alafu anakupigia kukuelezea, umelipa mara mbili. Vipande vitano sita vimeshaliwa, na hela yote hiyo ya wewe na ya yeye inatoka kwenye kapu moja, lile lile mnalokuja kuligawana mwishoni. Watu hawalioni hili. Wanadhani anayelipa ni yule adui, kumbe mali ikiwa ya wote wawili basi kila barua unayomtumia unajitumia na wewe nusu.

Na mimi nilikua nalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote anayesoma gazeti hili! Tulikua na kabati la vyombo tulilonunua mwaka wa kwanza wa ndoa, mbao za kawaida tu, kioo kimoja kina ufa. Mume wangu akasema lake manake alilipa yeye, mimi nikasema langu manake nililichagua mimi na ndo nilikua nalifuta vumbi. Barua saba ndani ya miezi minne kwa ajili ya hilo kabati, mpaka ikafika hatua wakili wangu, mdada mmoja mpole, akaniuliza kwenye simu, "dada, una uhakika?" na hilo swali lenyewe likaingia kwenye bili. Kesi ilipoisha nilikaa chini na kalamu nyekundu nikapiga mstari kwenye kila kitu kilichohusu kabati, nikajumlisha, ingenunua makabati matatu mapya na hela ya kuyabeba ikabaki. Sikua napigania kabati. Nilikua nataka barua iende, aifungue, aisome, ajue bado nipo. Na miaka tisa nimechapa bili za watu wa namna hiyo hiyo.

Kabati analo yeye, nasikia mlango mmoja haufungi.

Kaka, kwenye barua yako ile hela ya kwanza umeiita "kiingilio", na naona hapo ndo mlianza vibaya. Sio kiingilio ile, ni amana. Kawaida hela hiyo inakua bado ya kwako, wakili anatakiwa aiweke akaunti ya wateja mbali na hela zake za ofisi, anakata kadiri anavyofanya kazi, ikikaribia kuisha anakwambia ongeza, na kesi ikiisha imebaki unarudishiwa. Sehemu nyingi duniani wakili akichanganya hela ya mteja na yake anaweza kufutiwa leseni, sio mchezo. Ila zipo ofisi zinaandika hela ya kwanza hairudi hata iweje, ndo maana kabla hujatoa uliza tu kwa sauti, ikibaki inarudi? Atakachojibu mwambie akiandike. Wewe ulidhani umemaliza kulipa, kumbe ulikua umejaza tenki tu, na kwa zile simu za asubuhi lisingekaa wiki.

Bei ya mkupuo nayo ipo, yani unalipa kiasi kimoja kwa kazi yote badala ya kwa saa, hasa kama mmeshakubaliana watoto wanakaa na nani, matunzo ni kiasi gani, nyumba inaenda wapi, kazi ya wakili inabaki kuandaa nyaraka na kuzisimamia mahakamani. Ni nzuri, naipenda. Lakini soma inapoishia, manake chini kabisa utakuta kamstari kanasema mwenzio akipinga kitu chochote mnarudi kwenye saa. Na gharama za mahakama zenyewe, mthamini wa nyumba, mtu wa kupeleka wito, kutafsiri nyaraka, hizo mara nyingi ziko nje ya ada ya wakili, uliza. Usione aibu, mbona fundi wa gari unamuuliza.

Kuna msomaji mwingine alipendekeza wakili achukue asilimia ya mali badala ya hela mkononi, kama wanavyofanya kwenye fidia za ajali. Inasikika tamu hasa kwa mtu asie na hela. Ila Marekani kanuni za maadili ya mawakili zinakataza ada kutegemea kwamba talaka imepatikana au kutegemea ukubwa wa mali au matunzo yatakayotoka, na Uingereza nako ule mpango wa usiposhinda usilipe hauingii kwenye kesi za familia. Mwanzoni nilikua naona wanawaonea watu maskini, baadae nikaelewa. Mfikirie wakili ambaye nyie mkipatana na kurudiana yeye hapati hata senti, huyo atakushauri vipi siku mwenzio anapokupigia simu usiku kuomba msamaha? Kwa hiyo akitokea mtu anakwambia usilipe sasa tutagawana nyumba, nenda kwanza kaulize chama cha mawakili cha nchi yako kama hilo linaruhusiwa.

Lawama ndo kitu cha pili kinachokula hela baada ya barua. Mteja anakuja na daftari, tarehe fulani alinitukana, tarehe fulani hakurudi, tarehe fulani mama yake alisema hivi, na anataka yote yaingie kwenye kiapo. Kila ukurasa unachapwa, unajibiwa, unajibiwa tena. Uingereza walikua na sheria inayowalazimisha watu kufanya hivyo hivyo, ukitaka talaka bila kusubiri miaka inabidi umtuhumu mwenzio jambo. Mwaka 2018 mahakama yao ya juu kabisa ilimkatalia mama mmoja talaka, alikua ameshaondoka nyumbani tangu 2015, mume anapinga, ndoa imekufa kila mtu anaona, lakini lawama alizoandika hazikutosha kisheria, ikabidi asubiri itimie miaka mitano ya kuishi mbalimbali. Kesi imepita mahakama tatu hiyo, we fikiria bili! Kuanzia tarehe 6 Aprili 2022 wakabadilisha, sasa hivi unatamka tu kwamba ndoa imevunjika basi, hakuna kumchambua mtu. California walishafanya hivyo tangu 1970. Sisemi kila nchi iko hivyo, kuna sehemu bado lazima utaje sababu, ila muulize wakili wako swali moja kabla hujamkabidhi daftari, hili jambo likithibitika litabadilisha nini kwenye watoto au kwenye mali? Akikwambia halibadilishi kitu, mpe dada yako hilo daftari asome yeye, dada hachaji kwa dakika sita.

Hapa niseme kitu na naomba kisieleweke vibaya. Yote haya ya kubana simu na kubana barua siyasemi kwa mtu anayepigwa au anayetishiwa au ambae watoto wake wako hatarini. Wewe piga simu, piga hata saa nane usiku, omba amri ya mahakama ya kukulinda, bili tutaijadili ukiwa salama. Sehemu nyingi msaada wa kisheria wa bure unawaangalia kwanza watu kama nyie, hata Uingereza walipoupunguza mwaka 2013 kwenye kesi za talaka, waliopigwa na wenye ushahidi waliachwa kwenye orodha.

Na kama huna hela lakini mwenzio anazo, jua kwamba mahakama za nchi nyingi zina uwezo wa kumwamuru mwenye nazo amlipie mwenzake wakili ili kesi isiwe ya tembo na sisimizi. Mawakili wengine hawalitaji hili mpaka uulize, na mimi hilo linaniudhi. Pia sio lazima umkodi wakili kwa kesi nzima. Unaweza kumlipa saa moja ya ushauri, au umlipe akusomee makubaliano kabla hujasaini, mengine ukafanya mwenyewe au kwa msuluhishi. Ofisi yetu tulikua tunafanya hivyo kwa watu wachache waliojua kuomba, wasiojua walilipa kesi nzima.

Ila msiende wote wawili kwa wakili mmoja eti kubana matumizi. Hawezi kuwatetea wote, maslahi yenu yanagongana hata mkiwa bado mnaongea vizuri. Ndo maana ukipiga simu ofisi ya wakili karani anakuuliza kwanza jina la mwenzio, watu wanaudhika sana, wanasema "sijaja kuongelea huyo", kumbe tunaangalia kama alishakutangulia kuja kwetu. Na wapo wajanja, nimewaona kwa macho yangu, mtu anazunguka kwa mawakili wote wazuri analipia saa moja moja na kumwaga siri zake, hataki kuwakodi, anataka tu mwenzie akienda aambiwe samahani hatuwezi kukuchukua. Nilikua napokea ile hela natoa risiti, roho inaniuma.

Sa nirudi kwa mawakili wenyewe, nisije nikaonekana nimetumwa. Kaka, hasira yako ina haki yake. Kuna wakili anakaa na bili miezi mitano alafu anakuletea yote kwa mkupuo, mtu hana hata jinsi ya kukumbuka Machi alipiga simu ngapi. Kuna anayeandika "kushughulikia faili, saa tatu" bila kusema alishughulikia nini, mstari wa namna hiyo usiulipe mpaka akufafanulie. Kuna wanaokwenda wawili mahakamani kwenye kesi ya kuahirishwa tu, mmoja anasimama mwingine anashika mkoba, wote saa zao zinahesabika. Na kuna anayekwambia siku ya kwanza "hii tumeshinda", huyo mkimbie, hata hakimu mwenyewe siku hiyo hajui. Watu wengi hawajui kwamba bili ya wakili inaweza kupingwa, nchi nyingi kuna utaratibu wa kuipeleka mahakamani au kwenye chombo kinachosimamia mawakili ikakaguliwa mstari kwa mstari, na ikikutwa imezidi inakatwa. Kaka kama muda haujapita, ipeleke. Kweli nakwambia. Dai bili yenye tarehe, kazi na dakika, kaa nayo na simu yako uangalie simu ulizopiga, kwa utakachokikuta utanishukuru au utanichukia.

Ninachowaomba mawakili kupitia gazeti hili ni karatasi moja. Moja tu, juu ya ule mkataba wa kurasa sita, imeandikwa Kiswahili cha kawaida: saa yangu ni kiasi gani, kipande kidogo ni dakika ngapi, saa ya karani ni kiasi gani, hela ya kwanza ikibaki inarudi au hairudi, bili inakuja kila lini, kitu gani kitafanya bei ipande. Na mteja asomewe kwa mdomo kabla hajapewa kalamu. Niliwahi kumshauri bosi wangu hivyo mwaka wangu wa sita, akaniambia wateja wataogopa. Nikamwambia si ndo vizuri waogope mapema, akacheka, nikarudi kuchapa.

Kwa upande wangu, baada ya lile kabati niliacha kupiga simu. Nikanunua daftari, swali likija naandika, Ijumaa natuma imeili moja yenye yote, mara nyingi ikifika Ijumaa nusu ya maswali yameshajijibu au nimeona aibu kuyauliza. Bili ya mwezi uliofuata ilishuka mpaka nikadhani wamekosea, nikataka kupiga simu kuuliza, nikajizuia.

Siku hukumu imetoka nilifurahi nikasahau kila kitu nilichokua najua, nikamtumia wakili wangu meseji ndefu, asante sana wakili, umenivusha, Mungu akuzidishie. Akajibu kwa neno moja, "Amina". Bili ya mwisho ilipokuja, mstari wa chini kabisa: kupokea, kusoma na kujibu ujumbe wa mteja, dakika sita.

Nikalipa.

Karani mstaafu
(Jina na anwani mhariri anavyo)